Mwalimu Amne na Bwana Utamaduni

Mwaka ule Diwali na Idd zilifuatana, na duka la Rasiklal mjini Tabora lilijaa watu hadi barazani. Wahindu walitaka mishumaa, Waislamu walitaka tambi na nguo za watoto, na wasio na sikukuu yoyote waliingia kwa sababu walisikia sukari imefika. Amne alipenya katikati yao, mtandio umemteleza mabegani, gauni lake la maua limelowa jasho mgongoni, akaishika pakiti ya mwisho ya mapulizo iliyokuwa kwenye kaunta. Mkono mwingine uliishika upande wa pili.

"Samahani dada, hii nimekwisha kuiagiza."

Alikuwa kijana mrefu, nywele zimechanwa zikasimama, suruali yake ya bugaluu, pana miguuni, imepigwa pasi kama ya bwana harusi.

"Umeiagiza kwa nani? Mzee Rasiklal, huyu ameagiza?"

Rasiklal hakuinua macho kutoka kwenye mizani. "Nyinyi vuteni tu. Ikipasuka nitamuuzia mtu wa tatu."

"Mimi ni Bwana Utamaduni wa wilaya," kijana alisema. "Masele. Mapulizo haya ni ya kupamba jukwaa la Uhuru."

"Uhuru ni mwezi ujao. Idd ni wiki hii, na mimi nina watoto wananingoja. Nataka kuwa..."

"Kuwachezesha."

"Hapana. Kuwafundisha kusema. Na wewe ungeniacha nimalize, ungejua."

Masele alicheka, akaiachia pakiti. "Haya, chukua. Lakini nitakuja kuona pulizo linavyofundisha mtu kusema."

Alikuja kweli. Darasa la Amne lilikuwa chumba kimoja nyuma ya shule ya Mtendeni, mkeka chini, bati linalovuja juu. Watoto wake walikuwa wadogo, wa miaka mitano au sita. Wengine walikuwa na kigugumizi, wengine ulimi haujajua pa kukaa. Amne alisomea kozi fupi ya watoto wa namna hiyo, na mengine aliyapata kwa kujaribu na kukosea. Alikwisha kuona kwamba ukimwambia mtoto "sema pa, sema ba," anapiga miayo, lakini ukimtajia sikukuu anaamka. Basi kila sikukuu aliigeuza somo. Idd ile walipuliza mapulizo ili midomo ijifunze kukaza. Aliwapaka asali juu ya mdomo, wakaifuata kwa ncha ya ulimi. Kisha kila mmoja alichomoa kitu kapuni, tende, tambi, kofia, kanzu, akakitaja polepole kwa mwenzake.

Mtoto aliyemhangaisha Amne kuliko wote ni Rehmat, binti wa Sultanali mwenye duka la vitambaa. Akiimba, maneno yalitiririka. Akisema, neno la kwanza lilimkwama kooni, macho yakamtoka. Siku ile alijikakamua amwambie mgeni jina lake.

"Mi-mi-mimi ni Re... Re..."

Masele alifungua mdomo amsaidie. Amne alimfinya mkono anyamaze. Wakangoja.

"Rehmat," mtoto alisema, akatabasamu.

Masele alitoka mle chumbani amependa. Hakuficha. Simu ya pekee shuleni ilikuwa mezani kwa mwalimu mkuu, Mzee Eustace, na ilianza kulia kila siku baada ya chai.

"Halo, laazizi."

"Usiniite hivyo. Mzee Eustace amekaa mbele yangu."

"Mwambie atoke."

"Ofisi ni yake, Masele."

Jioni walitembea chini ya miembe ya barabara ya stesheni, Masele akimchokoza kwamba anapendeza zaidi akiwa amekasirika, Amne akijibu kwamba basi anapendeza kila wakati. Alikuwa na furaha ambayo hakuizoea. Kitu kimoja tu kilimkera: Masele hakujua kungoja. Sentensi ya mtu aliimaliza yeye. Akiomba jambo, tayari alikuwa amekwisha kulifanya.

Mwishoni mwa Novemba aliuliza kwenye simu kama watoto wangesoma shairi fupi siku ya Uhuru.

"Hapana," Amne alisema. "Bado."

"Mistari miwili tu."

"Masele, bado. Uwanjani kuna watu wengi mno. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mpenzi."

Siku ya Uhuru Amne aliwapeleka watoto watazame gwaride, kila mmoja na bendera yake ya karatasi. Rehmat alivaa gauni jeupe alilolishona mama yake, akamshika Amne mkono. Halaiki ilipomaliza, sauti ya Masele ilitoka kwenye vipaza sauti: "Na sasa, watoto wa Mwalimu Amne wa Mtendeni." Alikuwa anatabasamu jukwaani kama mtu anayetoa zawadi. Viongozi walianza kupiga makofi. Askari mmoja aliwafungulia kamba, na kabla Amne hajajua akatae vipi mbele ya umati ule, walikuwa wamefika mbele, na Masele amemwinamishia Rehmat maikrofoni, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

"U... U... U..."

Vipaza sauti vilikitupa kile kigugumizi mpaka upande wa pili wa uwanja. Mtu mmoja alicheka. Kisha upande mzima ukacheka. Masele alibabaika, akachukua maikrofoni akijaribu kuokoa mambo. "Anataka kusema Uhuru," alitangaza.

"Na Kazi," umati ukaitikia, ukacheka zaidi.

Sultanali aliruka kamba, akambeba binti yake, akaondoka bila kumtazama mtu.

Amne alimkuta Masele nyuma ya jukwaa.

"Nilikwambia bado. Kwenu Igunga bado maana yake ni ndiyo?"

"Nilifikiri unaona haya tu, Amne. Nilitaka watu waione kazi yako."

"Kazi yangu umeiona ilivyochekwa. Usinipigie tena."

Rehmat aliacha kusema. Si shuleni tu, hata nyumbani. Amne alikwenda dukani kwa baba yake, akamkuta anakunja vitambaa.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na wewe," Sultanali alisema. "Lakini watu wetu, Wahindi, wamefukuzwa Uganda juzi tu. Mimi hapa nataka mwanangu apite kimyakimya. Wewe ukampandisha mbele ya mji mzima."

"Sikumpandisha mimi, Bwana Sultanali."

"Alikuwa amekushika mkono."

Amne alirudi kwao Ng'ambo kwa miguu, matope yakimrukia gauni, amemkasirikia Masele, amemkasirikia Sultanali, na amejikasirikia yeye mwenyewe zaidi kwa sababu katikati ya hasira zote hizo alikuwa anaitamani ile simu. Ilipolia kesho yake, alimpungia Mzee Eustace mkono kwamba hayupo.

"Mwalimu Amne anasema hayupo," Mzee Eustace aliiambia simu, akakata.

Kabla ya Krismasi, Nurjahan, mama yake Rehmat, alitokea mlangoni pa darasa na mtoto.

"Atakaa tu," alisema. "Usimwambie aseme."

"Sitamwambia, dada. Baba yake amekubali?"

"Yule kijana wako alikuja dukani, kumejaa wateja, akasema mbele yao kwamba kosa ni lake, wewe ulimkataza. Sultanali akamwambia atoke, anazuia watu. Akatoka akakaa barazani mpaka tukafunga. Kesho yake akaja tena. Hasemi kitu, anakaa. Juzi Sultanali amechoka, akampa chai."

"Si kijana wangu," Amne alisema.

Masele mwenyewe alikuja baada ya siku chache, akasimama nje kwenye manyunyu.

"Umekuja kufanya nini?"

"Sijui. Niambie wewe."

"Kaa pale kwenye mkeka. Na usiseme neno mpaka nikuruhusu."

Alikaa, bugaluu na yote. Watoto walimpaka asali mdomoni, wakamcheka ulimi wake mfupi. Akawa anakuja kila alipopata nafasi. Rehmat alipuliza, alichora, aliimba kwa kuvumisha pua, lakini neno hakutoa. Krismasi ilipita. Kuna siku Amne aliwaaga watoto, akafunga mlango, akalia kwa hasira tupu. Kazi ya miezi iliharibiwa kwa dakika moja, na kuirudisha hakukuwa na njia ya mkato, wala hakujua kama ingerudi.

Idd Kubwa ilipokaribia, walikuwa wanakata kondoo wa karatasi na kuwabandikia pamba. Rehmat aliacha mkasi, akamgeukia Masele.

"We-we-we..."

Amne aliona shingo ya Masele inakaza. Neno lilikuwa wazi, mtu yeyote angelimaliza. Masele hakulimaliza. Alimtazama mtoto usoni, mikono magotini, kana kwamba hana mahali pengine pa kwenda maisha yake yote.

"We-we-wewe uta... utamuoa Mw-mw-mwalimu?"

Masele alimtazama Amne. Amne aliitikia kwa kichwa kumruhusu.

"Mimi nataka," alimwambia Rehmat. "Sijui yeye."

Hasira ya Amne haikuwa imekwisha. Aliijua, ingerudi kesho, pengine hata jioni ile ile. Lakini alimwona yule mwanamume na pamba kwenye nywele zake zilizochanwa, anangoja, hasukumi jambo.

"Mwambie alete wazee wake Ng'ambo kwa baba, baada ya Idd," alisema, akizungumza na Rehmat. "Na wajiandae kukaa, baba yangu si mwepesi wa kukubali."

Rehmat alimgeukia Masele, akavuta pumzi, akaanza kuufikisha ujumbe ule, neno moja moja, na mle ndani hakuna aliyemharakisha.