Jibu la Dereva wa Zimamoto

Hebu niambieni, jibu la posa likicheleweshwa, huoza au huiva?

Yule dereva wa gari la zimamoto la uwanja wa ndege aliamini linaiva. Asubuhi ile alikuwa akifuta kioo cha gari kwa gazeti lililoloa, ujumbe ukaingia simuni. Ni fundi wa ndege, mwanajeshi, yumo ndani ya ndege ya mizigo inayongoja kuruka.

"Bibie, nimekuposa nimechoka. Nijibu basi."

Akaandika: "Ukirudi nitakujibu."

Msidhani ni maringo. Ndege kama ile ndiyo iliyoanguka na baba yake ikamwacha mama yake mjane, naye binti akaapa hampi moyo mtu wa angani.

Ndege ikaruka. Haijafika mbali na ua, injini ikakohoa, bawa likalala, ikashuka tumbo chini kwenye shamba la mahindi. Moshi puu!

Dereva akakanyaga mafuta, akapasua ua wa waya katikati.

"Utatuua!" mkuu wake wa zamu, aliyeketi kando yake, akapiga kelele.

"Shika chuma, mkuu!"

Povu likamwagwa, moto ukanywea. Wanajeshi wakatoka wakikohoa. Rubani akawatazama mmoja mmoja.

"Fundi yuko wapi?"

"Amerudi ndani kumkatia mkanda mwenzetu aliyenaswa!"

Dereva akanyakua mpira wa maji, akauelekeza mlangoni.

"Toka! Toka, mwanamume wewe, usinifanye kama mama yangu!"

Akatoka. Mweusi kama chungu, anaburuta mguu, mwenzake mgongoni, wote wazima. Vigelegele vilivyopigwa pale! Hata mkuu wa zamu alijifuta macho kwa kofia.

Fundi akalazwa kwenye machela, akamshika dereva mkono.

"Ulisema nikirudi. Haya, nimerudi."

"Umerudi kutoka wapi? Chai uliyoacha mezani haijapoa!"

"Safari ni safari, bibie, hata ya jikoni hadi sebuleni."

"Shemeji, mjibu," rubani akadakia. "Tumemwokoa na moto, asije kufa kwa presha."

Watu wakacheka. Dereva hakucheka. Alipiga magoti kwenye mahindi yaliyolala, povu hadi viwikoni.

"Nimeogopa ndege maisha yangu yote. Leo imeanguka mbele ya macho yangu, na wewe nimekupata. Hofu yangu imeungulia mle."

"Ndiyo jibu hilo?"

"Jibu ni kwamba nakutaka. Nakutaka tangu ulipokuja kunifungia tairi, ukaniachia alama ya grisi begani nikakataa kuifua. Nioe."