Aliyebonyeza Kitufe cha Kijani

Watu walisongamana mbele ya kituo cha vifurushi hata wa nyuma hawakujua wa mbele wanagombana na nani. Ndani ya wavu wa chuma, msichana mwenye kitambaa cha njano kichwani na shati la buluu lililonyooshwa kola alikuwa akipokea namba, akichomoa maboksi kwenye rafu na kuita, "Anayefuata!" Feni iligeuza shingo huku na huku bila kuleta upepo. Nyuma ya msichana, juu ya kiti kirefu, alikaa mama yake mdogo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Wateja walimwita Meneja. Msichana alimwita mama, maana ndiye aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki.

"Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli la kijivu, penseli ya seremala sikioni na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri. Namba ya mzigo?"

"Mbona umenuna? Mzigo wangu umekukosea nini?"

"Kaka, foleni hiyo unaiona. Namba."

Akaitaja. Boksi likaja, dogo lakini zito.

"Leta simu."

Akaipitisha chini ya wavu kama walivyofanya wote. Msichana akafungua programu ya lile soko la mtandaoni, akabonyeza kitufe cha kijani kilichoandikwa *Nimefungua, bidhaa ni sahihi*, akajaza na nyota. Boksi lilikuwa bado limefungwa kwa gundi. Ndiyo ilikuwa desturi ya pale. Soko lilivipima vituo kwa wepesi wa wateja kuthibitisha, na kituo kizito kiliondolewa kwenye orodha, kwa hiyo Meneja alikuwa ameagiza: usimsubiri mteja, mbonyezee.

"Haya, kaka. Nyota tano nimejipa mwenyewe."

"Bila kuniuliza kama nakupa?"

"Ungeninyima?"

"Ningekupa sita. Waliotengeneza hii kitu ndio wabahili."

Foleni ikacheka. Meneja akakohoa. Msichana akasema "Anayefuata!" kwa sauti iliyolegea kidogo, na jioni hiyo, akiosha vyombo, aliziwaza zile nyusi zenye vumbi la mbao mpaka sabuni ikakauka mkononi.

Asubuhi ya pili yule mtu alirudi. Safari hii yeye ndiye aliyenuna. Akaweka drili dirishani na betri kando yake.

"Imekataa, dada."

"Imekataa vipi?"

"Tazama mwenyewe. Volti ndizo, chapa kwenye boksi ndiyo niliyoagiza. Lakini hizi reli zake za kushikia ni pana. Hii ni betri ya drili ya watu wengine. Sukuma, pindua, sali, haiingii."

"Si utumie drili ya waya?"

"Waya niuchomeke wapi? Ghorofa ni jipya, umeme bado haujaingizwa."

Akaeleza, na alipoeleza sauti yake ilishuka. Kwa miaka mingi alikuwa ameajiriwa kwenye karakana ya kaka yake mkubwa, mtu mzima anayetumwa kama mtoto. Hatimaye akaondoka, akapata kazi yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe: milango yote ya lile ghorofa. Kaka yake alimwambia neno moja tu, "Utarudi." Mwenye ghorofa naye alishasema kwamba fundi akichelewa, kazi itakwenda kwa mwingine, na huyo mwingine ni huyo huyo kaka.

"Kwa hiyo unaelewa," akamaliza. "Hii betri ndiyo mlango wangu wa kutokea."

Msichana alielewa kupita kiasi. Alijua muuzaji atasema nini: mteja alifungua, akaridhika, akatoa na nyota. Neno likamfika kwenye ulimi. Akageuka kidogo, akamwona Meneja akimtazama juu ya miwani. Kitanda alicholalia kilikuwa cha mama huyo. Sahani aliyolia chakula ilikuwa ya mama huyo huyo. "Ukikiharibu kituo umeniharibu mimi," alikuwa amemwambia siku aliyompa kazi.

Akalimeza lile neno. "Tuandike lalamiko," akasema. "Mimi nitakusaidia."

Muuzaji alijibu kwa adabu ya kuchosha. Kwanza alitaka picha. Wakapiga picha. Akataka video ya betri ikishindwa kuingia. Fundi akajirekodi akishika drili kwa magoti na simu kwa meno, na msichana alipoiona alicheka mpaka machozi yakamtoka. Muuzaji akajibu: *Ndugu mteja, tafadhali sukuma kwa nguvu.* Baadaye akasema betri irudishwe kwa gharama ya mnunuzi.

"Basi nipokelee, niirudishe," fundi akasema.

"Betri haturudishi, kaka. Sheria ya kituo. Zinaweza kushika moto njiani."

"Ilikuja kwa njia gani?"

"Kuja inaruhusiwa."

"Subhana! Kumbe ni mtego wa panya huu. Kuingia ruksa, kutoka marufuku."

Kila jibu la muuzaji lilimleta dirishani, na msichana akajikuta anasikiliza hatua za viatu vyake kabla hata hajakunja kona. Wakabadilishana namba, kwa ajili ya lalamiko, walivyosema. Lalamiko lilizungumzwa kwa dakika chache na mengine yakachukua jioni nzima.

"Umekula, Nyota?" Fundi alimwita hivyo kwa sababu ya zile nyota tano.

"Nimekula. Na wewe, fundi wangu?"

"Nimekula vumbi. Nimetumia bisibisi ya mkono leo, mlango mmoja kutwa nzima."

"Pole, laazizi."

"Rudia hapo mwishoni, mtandao ulikatika."

"Haukukatika!"

"Ulikatika. Kwenye 'la' nilisikia, 'azizi' ikapotea."

"Lala, bwana wewe, kesho una milango," akasema, na akazima simu akitabasamu gizani. Kisha tabasamu likamfia. Alijua barua wanazoandika zinakwenda kugonga ukuta, na ukuta ule aliujenga yeye kwa kidole kimoja. Akisema, atafukuzwa kwenye nyumba alimolelewa. Asiposema, mtu wake atarudi utumwani kwa kaka yake. Na chini kabisa ya moyo, mahali ambapo hata yeye aliona aibu kupachungulia, palikuwa na jambo la tatu: muuzaji akikubali, fundi atakuja dirishani kwa ajili gani?

Siku fundi alipopitisha mkono chini ya wavu kumpa peremende, msichana aliona kiganja. Kilikuwa kimejaa malengelenge, mengine yamepasuka. Alikishika, akasahau foleni.

"Ni bisibisi tu," fundi akasema. "Usinitazame hivyo, nitajiona mgonjwa."

Wakati huo huo simu yake ikalia. Akaisoma, akaisoma tena kwa sauti. "*Lalamiko limefungwa. Mteja alithibitisha mwenyewe kwamba bidhaa ni sahihi.* Mimi? Nilithibitisha lini? Nyota, hawa wana wazimu?"

"Labda... labda ni mtandao wao."

"Nyinyi hapa hamuwezi kujua nani alibonyeza?"

Kiti kirefu kililia nyuma yake. "Anayefuata," msichana akasema, na hakuinua uso.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale pale. Jioni, kabla fundi hajapiga, msichana ndiye aliyempigia.

"Ni mimi," akasema.

"Najua ni wewe, jina lako si linaonekana hapa?"

"Ni mimi niliyebonyeza. Siku ile ya kwanza, boksi likiwa bado na gundi. Tunawabonyezea wote."

Upande wa pili nyundo iliyokuwa ikigonga ikanyamaza.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu asubuhi uliporudi."

"Na barua zote tulizoandika? Ile video nimeng'ata simu kama kichaa, ukacheka?"

"Nilijua hazitafika."

"Sasa kwa nini, mwanamke wewe?"

Angeweza kumtaja mama mdogo, nayo ingekuwa kweli. Lakini alitaka kumpa kweli yote. "Niliogopa kufukuzwa. Halafu... kila walipokukataa, ulikuja."

"Ahaa! Kwa hiyo mimi nachubuka mikono ili wewe upate wa kupiga naye soga."

"Usiseme hivyo, mpenzi."

"Mpenzi abaki na foleni yake," akasema, na simu ikakatika. Safari hii haukuwa mtandao.

Hakuja kesho yake, wala iliyofuata. Kila ovaroli la kijivu lililokunja kona lilikuwa la mtu mwingine. Msichana alisoma masharti ya soko mstari kwa mstari, akaona kwamba lalamiko lililofungwa hufunguliwa kwa njia moja tu: kituo chenyewe kikiri kwamba mteja hakubonyeza. Akamkuta mama mdogo mezani, anakoroga chai.

"Mama, tuwaambie ukweli. Ni mteja mmoja tu."

"Hakuna mteja mmoja. Ukisema ulimbonyezea huyu, wataniuliza wa juzi, na wa mwaka jana." Akaweka kijiko chini. "Unadhani napenda? Nilikuwa nabonyeza kabla yako, na nilijua ni uongo. Kituo cha ng'ambo kilisubiri wateja wafungue maboksi. Kiko wapi leo? Kodi ya nyumba hii hailipwi kwa ukweli, mwanangu."

Ndipo msichana alipomwona mama yake mdogo kwa mara ya kwanza: naye alikuwa ndani ya wavu ule ule, ila kwenye kiti kirefu zaidi. Alimwonea huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyokaribia kumnyamazisha kabisa.

Asubuhi foleni ilikuwa ndefu. Bibi mmoja akapitisha boksi la pasi na simu yake pamoja, kwa mazoea. Kidole cha msichana kikafika juu ya kitufe cha kijani, kikakataa kushuka.

"Fungua kwanza, bibi. Utazame ndani."

"Nifungue hapa? Mbona siku zote unanifanyia mwenyewe?"

"Nilikuwa nakosea."

"Unafanya nini wewe?" Meneja akauliza.

Msichana hakugeuka, alijua akigeuka ataishiwa nguvu. Akachukua simu ya kituo, akapiga ofisi ya soko, na foleni nzima ikamsikia. "Napiga kutoka kituoni. Kuna lalamiko la betri ya drili mmelifunga. Mteja hakubonyeza. Aliyebonyeza ni mimi, mfanyakazi, kabla boksi halijafunguliwa. Ndiyo. Ndiyo, tunafanya hivyo kwa wote. Andika jina langu."

Alipoweka simu, mama mdogo alikuwa ameshashuka kitini. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu.

"Funguo. Za hapa na za nyumbani."

Msichana akaziweka kiganjani mwake.

"Kwangu utalala, mimi si mnyama. Utagonga, nitakufungulia. Lakini sauti yako nisiisikie."

Kituo kilisimamishwa mpaka kikaguliwe. Nyumbani kukawa kimya. Msichana aligonga mlango, komeo likavutwa, na mgongo wa mama mdogo ukarudi chumbani bila neno. Alikuwa ametoka kwenye wavu wa chuma akaingia kwenye huu usioonekana, ambao hauna hata dirisha.

Simu ililia alasiri moja, akiwa anaanua nguo.

"Wamenirudishia pesa," fundi akasema bila salamu. "Na betri ya kweli imefika. Wameandika, *kwa ushahidi wa mfanyakazi wa kituo.* Ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mfanyakazi. Sasa sijui ni nani."

"Njoo ghorofani. Nataka nikuonyeshe kitu."

Alivaa gauni la maua ya zambarau, akafunga kile kitambaa cha njano, akakifungua, akakifunga tena. Fundi alimpokea kwenye mlango wa ghorofa, amenawa uso lakini nyusi zimesahaulika. Juu yao drili ililia kwa nguvu.

"Nani yuko juu?" msichana akauliza.

"Kaka. Amepewa ghorofa zote za juu. Mimi nimebakiziwa hii ya chini, nikimaliza narudi kwake kuchanganya gundi." Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Betri imefika, kazi imeondoka."

"Ningesema siku ile ya kwanza..."

"Ungesema, ndiyo. Nilikasirika sana, Nyota. Bado sijamaliza." Akasukuma mlango mmoja kwa kidole, ukafunguka bila kulia, ukasimama ulipoachwa. "Milango hii ni ya bisibisi ya mkono. Kaka mwenyewe ameshuka kuishika bawaba, akakosa kasoro. Nilikuwa naifunga huku nakutukana moyoni, halafu nagundua nimebaki na stori ya kukusimulia jioni. Nikawa namtukana nani sasa?"

"Unitukane tu. Nimezoea kimya, tusi litakuwa mgeni."

"Sikiliza. Mimi nimerudi kwa kaka. Wewe huna kazi. Hatuna hata pa kukaa. Mtu mwenye akili angesubiri."

"Na wewe je?"

"Ningekuwa na akili ningetumia drili ya waya." Akafuta viganja kwenye ovaroli. "Nikuoe?"

Msichana akashika mlango kana kwamba ndio aliouliza. "Swali hilo halianzi kwangu. Kuna mtu mmoja wa kuulizwa, na ni kwa ajili yako kituo chake kimefungwa."

"Ndiyo maana lazima niende mwenyewe. Nikituma mtu atasema nimejificha."

"Atakufukuza."

"Atanifukuza nikiwa nimesimama."

Wakashika njia ya nyumbani. Barazani pa mama mdogo fundi alijipangusa nyusi, akaongeza vumbi badala ya kulipunguza. Msichana akainua mkono na kugonga.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Siku zote hizi mama mdogo alikuwa akivuta komeo bila kuuliza. Labda alikuwa amesikia viatu vya watu wawili.

"Ni sisi, mama."

Fundi akamtazama msichana, msichana akatazama mlango. Kisha wakasikia kiti kikisukumwa nyuma, na nyayo zikija taratibu, kama za mtu ambaye bado hajaamua.