Pua ya Chiriku

Jumamosi nyumbani kwa akina Chiriku ilianza kwa kunusa sabuni. Mama yake alikuwa mtengenezaji wa sabuni za vipande, akizikata katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha wageni. Wageni hawakuwepo tena tangu korona ilipoingia mjini. Mama alisikia redioni kwamba baadhi ya wagonjwa hawasikii harufu, naye akajitungia kipimo chake. Kabla ya familia kwenda matembezini, kila mtu alifungwa kitambaa machoni, akapewa kipande cha sabuni mkononi, kisha akataja ni ya nini: kahawa, limau au mkaratusi. Baba, fundi wa majokofu, alijibu kila mara kwamba inanuka gesi, mpaka mama amtolee macho. Mdogo wake Chiriku, aliyeitwa Bwana Mkubwa kwa sababu ya kitambi chake, alitaka kwanza kuiramba.

Chiriku naye alipewa jina la yule ndege mpiga kelele kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Likizo ile ndefu ya msimu wa joto ilimkalia vibaya. Shule ilikuwa imefungwa, rafiki zake wamefungiwa kwao, na matembezi yalibaki yale ya Jumamosi tu, kwenye nyasi kando ya bwawa la maji nje ya mji, mahali penye upepo na watu wachache.

Jumamosi hii ilikuwa tofauti, kwa sababu Bibi, mama yake baba, angekuja pia. Bibi alikuwa na pumu. Tangu ugonjwa uanze alijifungia kwake, na wajukuu walimsalimia kupitia dirishani. Sasa daktari alikuwa amemruhusu kukaa nje, mradi avae barakoa na asikae mkeka mmoja na wengine.

Asubuhi hiyo maziwa yaliungua. Chiriku alikuwa amesimama palepale jikoni, ameyapa mgongo, na hakujua lolote mpaka Bwana Mkubwa alipokuja mbio ameshika pua. Alikwenda bafuni akanusa dawa ya meno. Hakusikia kitu. Akatoa soksi za baba kwenye kapu la nguo chafu, soksi ambazo hakuna aliyezisogelea kwa hiari yake. Hakusikia kitu.

Aliogopa. Lakini aliogopa zaidi kusema, maana angefungua mdomo tu, matembezi yangevunjika, na Bibi angebaki tena nyuma ya dirisha lake. Akajiambia kwamba pengine ni mafua ya kawaida.

Alipofungwa kitambaa, hakuhitaji pua. Likizo nzima alikuwa akimsaidia mama kukata na kufunga sabuni, na vidole vyake vilizijua. Ya kahawa ilikuwa na chengachenga, ya limau ilikuwa laini, ya mkaratusi iliteleza kwa mafuta. Alipapasa kidogo, akaisogeza puani kwa madaha, akasema ni kahawa. Mama akaridhika. Garini alikaa kimya karibu na dirisha, hata baba akamuuliza kama ameusahau ulimi nyumbani.

Bibi alikuwa ameshafika, ameletwa na jirani yake, amekaa kwenye mkeka wake mwenyewe. Mama alitandika mkeka wa pili mbali kidogo. Walisalimiana kwa mikono hewani, wakasemezana kwa sauti kubwa kama watu walio ng'ambo mbili za barabara. Bibi alimtazama Chiriku kichwani. Nywele zile yeye ndiye aliyekuwa akizisuka siku zote, na sasa zilikuwa zimefungwa ovyo kwa utepe.

Bibi akamwomba mama amruhusu amsuke kidogo. Angevaa barakoa, mtoto naye angevaa, na upepo ulikuwepo. Baba alisita. Mama akasema, "Asubuhi amenusa vizuri. Mwache amsuke."

Chiriku alivaa barakoa, akauvuka ule uwazi, akakaa chini mbele ya magoti ya Bibi. Alizisikia pumzi zake nyuma yake, zikitoka kwa taabu kidogo. Bibi alinyoosha mikono kuufungua utepe. Chiriku akaruka, akarudi nyuma mpaka kwenye nyasi.

"Bibi, usinishike. Sisikii harufu tangu asubuhi."

"Si ulisema kahawa?" mama akauliza.

"Nilipapasa, mama. Ina chengachenga."

Hakuna aliyemgombeza. Hilo lilimuumiza kuliko kugombezwa. Mama alimwambia Bibi akanawe mikono. Baba alikunja mkeka, Bibi akabaki kumngoja jirani yake, na gari likarudi mjini madirisha yote yakiwa wazi, Chiriku akilia ndani ya barakoa.

Zahanati ilithibitisha kwamba ameambukizwa korona. Familia nzima ikajifungia. Baba alikohoa kidogo, mama alishikwa na homa, Bwana Mkubwa hakupungukiwa hata na hamu ya kula. Kila asubuhi Chiriku aliuliza habari za Bibi, na kila asubuhi aliogopa jibu.

Mama alipopata nafuu alikaa mlangoni pa chumba cha binti yake.

"Nilikasirika sana," alisema. "Lakini na mimi nilikosea. Niliamini sabuni, sikukuuliza wewe unajisikiaje. Hali ya mwili wako unaijua wewe kwanza. Ukiificha, hata daktari atahangaika bure, na atakayeumia anaweza kuwa mtu unayempenda. Siku nyingine sema mapema. Matembezi yatakuja mengine."

Chiriku alikubali, akaomba msamaha.

Siku ambazo mhudumu wa afya alisema wamwangalie Bibi zilipita, naye hakuugua. Alipiga simu mwenyewe kutoa habari hiyo, kisha akaomba kuzungumza na mjukuu wake. Chiriku aliishika simu kwa mikono miwili na kusema kwamba anajuta kwa kumharibia siku aliyoingoja kwa muda mrefu hivyo.

"Mama yako ameshakuambia ulipokosea, sina la kuongeza," Bibi alisema. "Ila ujue hili. Nilitamani sana kukushika siku ile, na wewe ulitamani vilevile, nilikuona. Ukanikatalia. Mpaka leo napumua, mjukuu wangu, na nakushukuru."