Gamba la Kifuu

Haya, sogeeni. Mwenye papai mdomoni ameze kwanza!

Zuwena alikuwa na miaka sita. Baba yake alitunza kobe kwenye bustani kubwa yenye ukuta.

Siku moja mayai yalipasuka. Kra! Kra! Wakatoka kobe watano wadogo. Mdogo kuliko wote Zuwena alimwita Kifuu.

Kobe wanne magamba yao yalikaza upesi. Baba akawaachia bustanini.

Gamba la Kifuu lilibaki laini. Ukilibonyeza, linabonyea.

"Huyu atakaa ndani ya beseni," alisema Baba. "Nje kuna kunguru. Atamdonoa."

"Kwaa! Kwaa!" alilia kunguru juu ya ukuta. Zuwena akaogopa sana.

Kila asubuhi Baba alileta mchicha na mfupa mweupe wa ngisi. "Kula, Kifuu, gamba likaze."

Kifuu aliutazama mchicha. Fyu!

*Kichwa ndani, miguu ndani.*
*Kifuu hayupo nyumbani!*

Baba akigeuka tu, Zuwena alitoa papai mfukoni. Papai bivu! Papai tamu! Kichwa cha Kifuu kikachomoza. Nyam, nyam, nyam.

Siku zikapita. Baba akabonyeza gamba. Bado linabonyea.

"Ala! Mchicha hagusi, na tumbo limejaa. Nani anamlisha huyu?"

Zuwena akavuta gauni lake juu. Fyu!

*Kichwa ndani, mikono ndani.*
*Zuwena hayupo nyumbani!*

Lakini gauni lilikuwa na doa la papai, kubwa kama sahani.

Baba akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Mwanangu, papai peke yake halijengi gamba. Ukimdekeza hivi, hatatoka kamwe."

"Mimi nilitaka afurahi," alisema Zuwena. Machozi yakamlengalenga.

Kesho yake Zuwena alikuja na hila mpya. Aliupaka mchicha papai. Na mfupa wa ngisi akaupaka papai vilevile.

Kifuu akanusa. Papai! Akang'ata, ham! Lo, mdomo umejaa mchicha!

Keshokutwa, papai kidogo. Mtondo, tone moja tu. Siku iliyofuata, papai hakuna kabisa. Kifuu hakushtuka. Nyam, nyam, nyam.

Kila siku Zuwena alimwogesha. Chubwi, chubwi! Kisha wakaota jua la asubuhi pamoja.

Wiki nyingi zikapita. Baba akagonga gamba. Ko! Ko!

"Limekaza!" alisema Baba. Akamweka Kifuu kwenye nyasi.

Kunguru akashuka, puu! Zuwena akafumba macho.

Kunguru akadonoa. Ko! Akadonoa tena. Ko! Mdomo ukamuuma, akaruka zake akilalamika.

Kifuu alitembea kwenda kwa ndugu zake. Hata hakugeuka nyuma. Zuwena aliumia kidogo. Kisha akafurahi, akafurahi mno!

Jua lilipotua, alichungulia kichakani. Kobe walikuwa wamelala wamebanana.

Zuwena aliwahesabu kwa kidole. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano.

Baba akambeba. Zuwena akalala begani, kabla hawajafika mlangoni.