Ubashiri wa Akina Brandewie

"Alois Brandewie alibashiri mechi za Ijumaa katika gazeti la mji huu miaka kumi na tisa, wala hakuonekana hata siku moja kwenye mazoezi ya timu yoyote. Klemens, mwanawe, akaipokea kalamu, akaishika miaka ishirini na miwili. Kila alipoalikwa chakula na kocha alijibu kwamba ameshiba. Mimi Norbert, mwana wa Klemens, nimeandika miaka thelathini na minne. Watu wa Kessler Fork wametukuta tumekosea mara nyingi, Corinne. Hawajawahi kutukuta tumenunuliwa."

Mzee Norbert aliyasema hayo akiwa amesimama wima jikoni kwa mjukuu wake, kofia mkononi, mfano wa mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na gazeti lilitaka safu ya ubashiri kabla ya saa sita.

"Babu, kaa basi unywe kahawa."

"Sikuja kunywa kahawa. Nimekuja kuuliza mechi ya nane ya safu ya wiki hii umeiandikaje."

"Bado."

"Mechi saba umezimaliza tangu Jumatano, moja inakutoa jasho mpaka leo?"

"Ni mechi yetu, Babu. Sisi na Pell Grove. Unajua ilivyo."

"Ninalojua ni kwamba mwalimu wa timu yetu ndiye aliyekuvika hiyo pete. Nilikwambia uchague, pete au kalamu. Ukanijibu kwamba mikono ni miwili."

Corinne alicheka kidogo, lakini mguu wake chini ya meza haukutulia. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, mkutubi wa mji, mwaka wake wa sita katika safu ile. Kwa takwimu, kazi ilikuwa nyepesi: timu ya sekondari ya Kessler Fork, ya ule mpira wa Kimarekani wa kurushwa kwa mkono, ilikuwa haijafungwa katika mechi nane, na Pell Grove walikwisha kupoteza mbili. Hata mtoto angeandika kwamba wenyeji watashinda.

Lakini mtoto hakuwepo mezani Jumanne jioni.

Jumanne hiyo Royce Hatmaker, kocha na mchumba wake, alikuja kula tambi za kuku juu ya viazi vya kuponda, akaviacha nusu. Akaushika mkono wa Corinne, akashusha pumzi.

"Una nini wewe?"

"Bega la Tad."

Tad Lindqvist ndiye aliyekuwa mrusha mpira wa timu. Bila mkono wake, Kessler Fork ilikuwa timu ya kukimbia na mpira tu, nayo kukimbia ilikuwa haijui sana.

"Limefanyaje?"

"Limekwisha. Ijumaa atavaa jezi, lakini kurusha hawezi. Usimwambie mtu, Corinne. Nakuambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia."

"Simwambii mtu."

Na kweli hakumwambia. Ila sasa, babu yake akiwa amekwisha kuondoka na saa ikikimbilia sita, alikuwa anazunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akiandika kwamba wenyeji watashinda, atakuwa anawadanganya wasomaji kwa macho makavu. Akiandika kwamba watafungwa, je, si atakuwa ameitoa siri? Akajijibu kwamba la, kwa kuwa neno bega halitaonekana popote. Saa sita kasoro dakika nne alikaa, akaandika upesi: *Pell Grove 24, Kessler Fork 13.* Akatuma. Kisha akasimama tena, maana kukaa kulimshinda.

Gazeti lilipotoka Ijumaa asubuhi, mji uliamka naye. Kwenye duka la mikate, Bi. Verlene alimtazama juu ya miwani.

"Kwako leo donati zimekwisha."

"Verlene, naziona hapo nyuma yako."

"Unaona? Hata donati huwezi kubashiri. Mchumba wako amekukosea nini mpaka umpige mbele ya watu?"

"Ubashiri si kipigo."

"Mwambie mume wangu. Amekataa kula tangu alfajiri."

Njiani simu ikalia. Ujumbe wa Royce: *Nimeisoma. Usijali, kazi ni kazi. Nakupenda.*

Corinne aliusoma mara tatu. Aliutafuta uchungu katika maneno yale hakuuona, na kutouona kukamtia wasiwasi kuliko matusi ambayo angetukanwa. Mtu hasemwi vibaya na mchumba wake mbele ya mji mzima akajibu kwa utulivu namna ile.

Jioni hakwenda uwanjani. Mwiko wa ukoo ulimkataza mbashiri kukaa na mashabiki. Alisikiliza redio akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Mtangazaji aliingia kwa kelele:

"Hamtaamini ninachokiona! Vijana wetu wanaingia uwanjani, na kila mmoja amebandika kwenye helmeti kipande cha gazeti! Ni ule ubashiri wa Brandewie! Pell Grove, mkajifunge mikanda!"

Mpira wa tatu wa mechi, Tad Lindqvist alirusha. Aliurusha mbali, ukadondokea mikononi mwa mwenzake aliyekuwa peke yake kana kwamba wapinzani wamekwenda nyumbani. Akarusha tena. Kufikia mapumziko alikuwa amerusha mara kumi na tatu. Mechi ikaisha arobaini na tano kwa kumi.

"Bega la kijana huyu ni la chuma!" mtangazaji alipiga ukelele.

Corinne akaweka chini taulo alilokuwa amelishika. Alipiga simu ya Royce mara nne. Haikupokelewa.

Jumamosi, kabla ya saa tatu asubuhi, Royce alikuwa mlangoni, sauti imemkauka kwa kushangilia na uso unang'aa.

"Umeona? Arobaini na tano!"

"Bega la Tad lilipona saa ngapi?"

Ule mng'ao ukapungua.

"Corinne, sikiliza..."

"Nakuuliza saa ngapi."

"Halikuwahi kuumwa."

Akatazama viatu vyake, kisha akaanza kueleza haraka haraka, mithili ya mwanafunzi aliyekamatwa.

"Pell Grove wanaisoma safu yako kama maandiko. Kocha wao hukata kila toleo. Nilijua ukibashiri tutafungwa, watajua Brandewie hasemi hivyo bila sababu. Watajiuliza, watahisi mrusha mpira ni mgonjwa, watawapanga watu wao wote mbele kuzuia mbio. Na ndivyo walivyofanya! Nyuma kukabaki wazi kama shamba lililovunwa. Na vijana wangu nao walihitaji hasira. Ni mbinu, mpenzi. Ni mchezo tu."

"Ulinishika mkono."

"Nini?"

"Wakati unasema. Ulinishika mkono, ukaniambia huna mwingine wa kumwambia. Huo nao ulikuwa mchezo?"

"Hilo lilikuwa kweli."

"Lipi? Nitenganishie, Royce, maana mimi nimeshindwa. Uliponiambia mwezi wa sita kwamba unanipenda, palikuwa na mechi siku hiyo?"

Royce aliumia, na kwa kuumia akasema alilokuwa hakulikusudia:

"Na wewe je? Nilikuomba usimwambie mtu. Kama ungeitunza siri yangu, uongo wangu usingefika popote. Ungeandika kama takwimu zinavyosema, basi. Nilikuwekea siri mkononi, na baada ya siku mbili ukaipeleka gazetini!"

"Sikulitaja bega!"

"Hukulitaja. Ulilitumia."

Nje jirani alikuwa anakusanya majani makavu kwa reki, na ile sauti ya kukwaruza iliingia mpaka ndani. Corinne aliivua pete, akaiweka juu ya kiti kilichokuwa kati yao.

"Chukua, nenda."

"Corinne..."

"Nenda kabla sijasema neno la kuchapishwa."

Jumapili baada ya ibada, Mzee Norbert alisikiliza habari yote bila kumkatiza.

"Amekukosea, na kosa lake ni kubwa," alisema. "Mwanaume anayemdanganya mwanamke kwenye meza ya mwanamke mwenyewe, mimi nisingempa hata kiti."

"Asante, Babu."

"Sijamaliza. Kosa lako ni dogo kuliko lake, lakini ni la nyumbani kwetu. Baba yangu alikataa chakula cha makocha si kwa kiburi. Alijua kwamba neno la mezani halijui kukaa mezani."

"Nifanye nini?"

"Una miaka thelathini na mmoja. Usiniulize mimi."

Corinne hakulala vizuri. Aliandika barua ya kumwomba radhi mhariri, akaichana. Akaandika ujumbe wa kumtukana Royce, akaufuta. Akaandika wa kumsamehe, akaufuta huo upesi zaidi.

Jumatatu asubuhi, kama ilivyo desturi wakati wa msimu, wafadhili wa timu walikutana katika ukumbi wa wazima moto kula mayai na soseji, na kocha kuwaonyesha picha za mechi. Corinne alipoingia na babu yake, akiwa na neno lake la kusema, mwenyekiti wa wafadhili, Bwana Eldon Tharp, aligonga kikombe kwa kijiko.

"Mnaona nani kaja! Wiki hii unabashiri kwa kutupa sarafu, binti? Au tukuletee kipofu akusaidie?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee Norbert alikaza taya. Royce, aliyekuwa amesimama kando ya kiwambo, hakucheka. Aliwasha mashine, picha ya kwanza ya Tad ikatokea, mkono juu. Akaizima.

"Kabla hatujaangalia," alisema. "Mheshimiwa mwenyekiti, usimcheke Corinne. Alibashiri hivyo kwa sababu nilimdanganya. Nilimwambia Tad ameumia bega. Nilijua atanisadiki, kwa kuwa ananipenda."

Kisha Bwana Tharp akapiga meza.

"Haki ya Mungu, huyu ndiye kocha! Hata mchumba wake kampiga chenga!"

Wakapiga makofi. Wengine wakasimama. Royce alibaki pale mbele, uso umemwiva kwa aibu, mikono ameinyanyua kuwazuia, na kadiri alivyowazuia ndivyo walivyozidi kupiga. Alikuwa amekuja kukiri, nao wanamtunuku.

"Acheni!" alipaza sauti. "Sikuwaambia ili mnipigie makofi!"

Ndipo Corinne aliposimama.

"Nami nina langu. Kocha aliniambia siri, nikamwahidi sitamwambia mtu. Nikaichukua nikabashiria. Kama bega lingekuwa bovu kweli, leo mngekuwa mnanisifu kwa akili, na mimi ningezipokea sifa hizo. Kwa hiyo Ijumaa hii msilitafute jina la Brandewie gazetini. Sitabashiri tena."

Makofi yalikufa. Mtu mmoja alisema pole pole, "Miaka themanini na moja ya safu, jamani." Bwana Tharp akaiangalia sahani yake.

Mzee Norbert aliinuka. Watu walidhani anakwenda kumkanya mjukuu wake. Alimvutia kiti, akamngoja akae, ndipo naye akakaa.

Royce alimkuta Corinne nje, kwenye maegesho, akitafuta ufunguo wa gari ambao alikuwa ameushika mkononi.

"Umeiacha safu kwa ajili yangu?"

"Usijipe cheo. Kwa ajili yangu."

"Nakuomba radhi. Si kwa mji, kwako wewe."

"Nimesikia."

"Basi?"

"Basi sijui, Royce. Kila utakaloniambia sasa nitajiuliza linakwenda kumfunga nani. Hata ukisema nimependeza, nitatafuta ratiba ya mechi."

"Nisubiri mpaka lini?"

Corinne alifikiri. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, mguu wake ulikuwa umetulia.

"Njoo mwezi wa pili. Msimu umekwisha, wa mwakani haujaanza, hakuna timu inayocheza na mimi sina safu. Siku hiyo ukiniambia neno, nitajua halina kazi nyingine yoyote ila kuniambia mimi."

"Ni miezi mitatu na nusu."

"Hesabu najua."

Royce hakupiga simu. Hakuandika. Kessler Fork walifika nusu fainali ya jimbo wakafungwa, na Corinne alizipata habari hizo maktabani kama watu wote. Krismasi ikapita. Alijikuta mara nyingi dirishani, akajiondoa, akarudi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika magotini, mlango uligongwa. Royce alikuwa amesimama kizingitini, mabega meupe, mikono mitupu.

"Umekuja kuniambia nini?"

"Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yote yamenitoka. Barabara ya kinuni ina barafu, nimeteleza nikagonga sanduku la barua la babu yako. Limelala chini."

"Ni kweli?"

"Toka ukaone. Bampa limepinda."

Mwanamke mwingine angesema ninakuamini, karibu ndani. Corinne alivaa viatu vya theluji, akafunga koti mpaka shingoni, akatoka. Alilizunguka gari pole pole. Bampa lilikuwa limepinda upande wa kushoto, na katikati ya mkunjo limenasa kipande cha bati chenye herufi tatu za jina la ukoo wake.

Akacheka mpaka akaegemea gari.

"Babu atakuua," alisema. "Ingia ndani ule kwanza."

Nanyi vijana mnaosoma haya vidole vikiwa tayari kupita kwenye habari nyingine, tulieni. Hili si ombi. Neno ulilopewa na mpenzi wako kwa imani si mali yako ya kwenda kulitumia kazini, hata kama hukulitaja. Na neno unalompa wewe, mpe kwa sababu ni lake, si kwa sababu unamhitaji alifikishe mahali. Asiyeweza mambo hayo mawili asipose, wala asikubali kuposwa. Wekeni simu chini sasa, mkalifikirie hilo kwa dhati.