Aliyeondoka Bila Kukaa

Kitendawili, wajukuu! Nakaa ili niondoke. Nisipokaa, njia haina heri. Mmeshindwa? Basi nipeni Moscow yote, nami nitawajibu polepole.

Glafira Lvovna alikutana na Arkadi Venediktovich stesheni, watu wakisukumana kama siafu. Binti kavaa gauni la kijani na kofia ya manyoya. Kijana koti halina vifungo, mkono wa shati umejaa wino.

"Bwana, shati lako linaandika barua?"

"Ni kitabu, bibie. Karatasi ziliniishia. Usihangaike, hati yangu haisomeki."

Glafira akaushika mkono ule, akasoma mistari yote mitatu bila kukwama. Kabla theluji haijayeyuka, wakaoana.

Miaka arobaini Glafira alimnakilia mumewe vitabu vyake. Sifa zikaja. Watoto wawili wakaja pia, wakaondoka kwa kifua kikuu.

Asubuhi moja ya Oktoba, Glafira akaweka kalamu chini. "Arkasha, kitabu hiki kinakoroma."

"Kiamshe basi, si una sauti ya jogoo!"

Lakini Arkadi mwenyewe hakucheka. Glafira akaenda sokoni kununua kabichi za kutia chumvi. Aliporudi, koti la mumewe halikuwepo. Viti vyote vilikuwa vimesukumwa mezani, hakuna kilichokaliwa.

Kwetu sisi, msafiri na anaowaacha hukaa kwanza kimya, ndipo mlango ufunguliwe. Hata mwizi hukaa!

"Nimemuudhi," Glafira akalia. "Ulimi wangu umemfukuza."

Siku ya tano simu ikalia.

"Glafira Lvovna? Nina nyumba ya wageni hapa Yaroslavl. Mumeo anakohoa damu. Kanikataza nisikupigie, lakini na mimi ni mke wa mtu."

Glafira akakaa juu ya sanduku lake, peke yake, kimya. Kisha akainuka, akashika njia ya Yaroslavl, akamkuta mumewe kitandani.

"Mzee mtoro wee! Neno moja tu, ukanisusa?"

"Kinakoroma kweli, njiwa wangu. Sikuondokea hilo." Akakohoa. "Tumezika wawili kutoka kitanda kile cha nyumbani, kwa kifua hikihiki. Sikutaka uzike wa tatu."

"Na kukaa je, Arkasha? Dakika moja tu. Mbona hukunisubiri tukae?"

Arkadi akafumba macho. Glafira akasogeza kiti, akaushika mkono wa shati. Ulikuwa mweupe, hauna hata tone la wino. Chai ya jemu ikapoa mezani, kengele za kanisa zikalia, zikanyamaza.

"Ningekaa nawe, Glasha," akasema mwishowe, "nisingeinuka."