Kukang Aliyeinua Mikono

Kila asubuhi kabla ya shule, Nining humpelekea baba yake wali na samaki wakavu kwenye mianzi anayokata, juu ya kijiji cha Cikembang. Siku hiyo alisimama njiani hadi wali ukapoa. Kwenye mianzi iliyokatwa alikuta kukang amelala, amejikunja duara. Kukang ni ndugu wa komba, ila mkia wake ni kijinundu tu. Usiku hutambaa mitini akilamba utomvu, mchana hulala. Kumleta nyumbani ni mwiko, na Nining alijua fika. Hata hivyo alimtia kapuni, akamficha uvunguni.

Aliporudi kutoka shuleni, alimkuta mdogo wake Dadang, mtoto wa miaka mitano, amekwisha kulifunua kapu. Alipomgusa tumbo, kukang aliinua mikono juu ya kichwa.

"Dada, ona! Anataka kutekenywa!"

"Anaona haya huyo. Mtekenye kidogo tu."

Dadang alipiga ukelele. Damu ilimtoka kidoleni, midomo ikavimba, na pumzi zikaanza kukoroma.

Mama aliingia mbio. "Kaumwa na nini?"

"Nyuki, Mama," alisema Nining, akilisukuma kapu kwa kisigino.

Zahanatini, tabibu Kosasih alishika kibanio na kukigeuzageuza kidole. "Mbona mwiba siuoni? Ni nyuki kweli?"

Macho ya Dadang yalianza kupinduka, na hapo hofu ya mwiko ikamtoka Nining yote.

"Si nyuki! Ni kukang! Nilimleta mimi!"

Tabibu alitupa kibanio. Alimdunga Dadang sindano, kisha akaosha jeraha kwa maji mengi na sabuni. Baada ya muda mrefu pumzi zikatulia. "Aliinua mikono juu, nikadhani anaona haya," alisema Nining.

"Haoni haya yule," tabibu alimwambia. "Ana sumu karibu na kiwiko. Akiinua mikono hivyo, anailamba aipake menoni. Anajihami."

Jioni baba alilibeba kapu hadi kwenye mianzi, Nining akifuata na mama yake. Kukang alipanda polepole, akapotea majanini.

"Nichape tu, Mama," Nining alisema, machozi yakimtoka.

Mama alimshika bega. "Kukosea kila mtu hukosea, binti yangu. Kosa lako la kwanza lilimponza mdogo wako kidole. Uongo wako nusura umponze roho."